Kisigino Kinachouma Asubuhi: Mwongozo Kamili wa Kutambua na Kutuliza Maumivu ya Nyayo

Maumivu ya kisigino yana saa zake. Yale yanayowapata watu wengi zaidi huja pale mtu anapoamka na kukanyaga sakafu kwa mara ya kwanza: kisigino kinachoma upande wa chini kana kwamba kimekanyaga msumari, mtu anachechemea hadi msalani, na baada ya dakika chache za kutembea maumivu yanalegea hata akadhani yamekwisha. Akiketi kwa muda mrefu yanarudi vilevile. Abiria aliyepanda basi Dar es Salaam alfajiri hukutana nayo anaposhuka Nangurukuru kununua chakula, muumini hukutana nayo anapoinuka kwenye mkeka baada ya swala, na mama lishe hukutana nayo anapoinuka kwenye kigoda mchana, wateja wakiwa wamepungua.

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi miguu hufanya kazi kubwa. Msimu wa korosho unapoingia, familia za Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa na Liwale hushinda chini ya mikorosho zikiinama, zikiokota, zikitenganisha korosho na mabibo, kisha zikibeba magunia hadi ghala la chama cha msingi. Pwani, wanawake hutembea juu ya miamba wakati wa maji kupwa wakitafuta pweza. Mjini, walimu, wauguzi na wauza duka husimama juu ya saruji au vigae tangu asubuhi hadi jioni. Wengi wao huvaa kandambili ambazo sehemu ya kisigino imelika mpaka imebaki nyembamba.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba maumivu mengi ya kisigino hayatokani na ugonjwa wa ajabu, bali na mzigo uliozidi uwezo wa tishu za wayo kwa muda mrefu, na kwamba hupona mzigo unapopunguzwa na mguu ukiimarishwa kidogo kidogo. Hata hivyo, si kila kisigino kinachouma ni cha aina hiyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutambua.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali panapouma na saa panapouma

Keti kwenye kiti penye mwanga, weka mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine, na tumia kidole gumba cha mkono kubonyeza wayo polepole kuanzia nyuma kwenda mbele. Mguu mmoja una mifupa 26 na viungio 33, hivyo kusema tu kwamba mguu unauma hakumsaidii daktari wala hakukusaidii wewe. Tafuta sehemu moja ambayo ukiibonyeza unasema, hapa ndipo penyewe.

Ikiwa sehemu hiyo iko chini ya kisigino, upande wa ndani, pale kisigino kinapokutana na upinde wa wayo, na ikiwa hatua za kwanza za asubuhi ndizo mbaya kuliko zote, kuna uwezekano mkubwa kwamba umeumia ukanda wa wayo. Huu ni utando mnene na mgumu wa nyuzi unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika hadi kwenye vidole, ambao kazi yake ni kuushikilia upinde wa wayo usianguke kila tunapokanyaga. Ukivutwa kupita kiasi siku baada ya siku, nyuzi zake huchakaa pale zilipojishikiza kwenye mfupa. Usiku, wayo ukiwa umelegea, ukanda hujikunja. Asubuhi unavutwa ghafla na uzito wote wa mwili, na hapo ndipo maumivu huwa makali. Huwapata zaidi watu wa umri wa kati ya miaka 40 na 60, wanaosimama sana, walioongezeka uzito, wenye wayo bapa au wenye upinde uliopanda mno, na wale ambao misuli ya shavu la mguu imekaza.

Maumivu yaliyo katikati kabisa ya kisigino, yanayozidi kadiri mtu anavyokanyaga sakafu ngumu pekupeku na ambayo hayalegei baada ya hatua za mwanzo, mara nyingi hutokana na kupungua kwa mafuta ya asili yaliyo chini ya mfupa wa kisigino. Mafuta hayo hupungua kwa umri. Tiba yake kubwa ni kukiwekea kisigino kitu laini.

Maumivu ya nyuma ya kisigino au juu yake kidogo, pale panapopita kano nene inayounganisha shavu la mguu na kisigino, ni ya kano hiyo. Nayo huwa ngumu asubuhi, na unaweza kuhisi uvimbe ukiiminya kwa vidole viwili.

Ukikamata kisigino kwa viganja viwili na kukibana kutoka pembeni, kulia na kushoto, na maumivu yakawa makali, fikiria ufa mdogo wa mfupa, hasa kama hivi karibuni uliongeza ghafla kutembea, kukimbia au kubeba mizigo. Ufa wa namna hii unaweza usionekane kwenye eksirei ya wiki za mwanzo, kwa hiyo picha safi peke yake isikufanye uendelee kubeba magunia. Mchomo wa moto, ganzi au hali ya kuwashwawashwa inayosambaa kwenye wayo huelekeza kwenye mishipa ya fahamu. Maumivu ya chini ya vidole, pale wayo unapobeba uzito wakati wa kusukuma hatua, hutokana mara nyingi na viatu vyembamba au vilivyobana mbele. Yakiwa kati ya kidole cha tatu na cha nne, na vidole hivyo vikafa ganzi, huenda ni mshipa wa fahamu uliobanwa, na dawa ya kwanza ni kiatu chenye nafasi pana mbele.

Jongo hujitangaza lenyewe. Kiungio cha kidole gumba cha mguu huvimba, hung'aa kwa wekundu na huuma kiasi kwamba hata shuka haivumiliki juu yake, na mara nyingi huanza usiku. Husababishwa na asidi ya yuriki kuzidi katika damu na kuganda kwenye kiungio. Pombe ya aina yoyote, iwe bia, uraka au nipa, pamoja na maini, figo, nyama nyekundu na dagaa kwa wingi, huchochea shambulio. Hili si tatizo la kunyoosha misuli. Linahitaji kupimwa na kupewa dawa yake.

Kuhusu kile kimfupa kinachoonekana kwenye eksirei kikiwa kimechomoza chini ya kisigino, ni vyema kusema wazi kwa sababu kimewatia watu wengi hofu. Watu wengi wanacho na hawaumwi hata kidogo, na wengine wanaumwa bila kuwa nacho. Maumivu yanapona kimfupa kikiwa palepale. Asiambiwe mtu kwamba lazima apasuliwe ili kiondolewe.

Hatua ya pili: hakikisha huna alama za hatari

Kabla ya kuanza mazoezi yoyote, pitia alama hizi kwa uangalifu. Nenda kituo cha afya bila kusubiri ikiwa huwezi kutembea hatua nne baada ya kuanguka au kuteguka. Ikiwa ulisikia mpasuko nyuma ya kisigino ukadhani umepigwa teke, na sasa huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo, kwa sababu hiyo huenda ni kano iliyokatika. Ikiwa mguu umevimba, una joto na una homa. Ikiwa shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, maana damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Ikiwa maumivu yanakuamsha usiku hata ukiwa umelala tu. Au ikiwa ulichomwa na msumari, mwiba au kisiki na hukumbuki mara ya mwisho ulichanjwa chanjo ya pepopunda.

Kijana anayeumwa visigino vyote viwili, ambaye pia mgongo wake wa chini hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, naye aonane na daktari, kwa kuwa kuna magonjwa ya viungio yanayoanza hivyo. Mtoto anayechechemea huku ana homa, au mwenye selimundu, asipakwe dawa za kuchua nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Wapo pia wanaoamini kwamba mguu unaouma ghafla umekanyaga dawa iliyotegwa njiani, na hivyo huanza kwa kuchanjwa wayo kwa wembe. Imani ya mtu na iheshimiwe, lakini wembe juu ya wayo uliovimba hufungua mlango wa vijidudu, na kwa mwenye kisukari unaweza kuwa mwanzo wa kidonda kitakachomgharimu mguu. Aanze kwa kupimwa.

Hatua ya tatu: rekebisha unachokanyaga

Hapa ndipo wengi wanapopata nafuu ya mapema, na ndipo panapopuuzwa. Mtu hununua dawa ya kuchua mara tatu, ilhali kiatu kilichomuumiza bado kimekaa mlangoni.

Kishike kiatu chako mkononi. Kikunje: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, na si katikati ya wayo. Kikamue kwa kukizungusha: kisijipinde chote kwa wepesi. Bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino: iwe imara. Tazama soli kwa nyuma. Ikiwa upande mmoja umelika sana, kiatu hicho kinaupindisha mguu wako kila unapokanyaga. Raba nzuri ya mtumba yenye soli iliyo hai hushinda kiatu kipya cha plastiki kisicho na kitu ndani. Katambuga za tairi ni imara na hazichomwi na miiba, lakini ni bapa na ngumu, kwa hiyo zinahitaji kuongezewa kitu cha ndani. Kandambili nyembamba ziachiwe bafuni.

Fundi viatu wa pembezoni mwa soko anaweza kukutengenezea pedi ya kisigino kwa gharama ndogo. Mpelekee viatu vyote viwili, hata kama unaumwa mguu mmoja, kwa sababu kuinua kisigino kimoja peke yake kunapindisha nyonga na mgongo. Mwombe akate sponji ngumu, ile inayotumika kwenye soli za kati za raba, na si godoro. Kipande kiwe na umbo la kisigino chako na unene wa sentimita moja hivi. Upande wa mbele auchonge taratibu hadi uwe mwembamba, ili pasiwe na ngazi inayokukata katikati ya wayo. Ukipata sponji, ijaribu kwa kidole gumba kabla haijagundishwa: ikibonyea mpaka chini ni laini mno, isipobonyea kabisa ni ngumu mno, na inayofaa hubonyea nusu kisha ikarudi. Mwache aipige gundi, ilaze usiku mzima, na siku ya kwanza uivae saa moja au mbili tu. Kama una wayo bapa, mwambie aongeze kipande kidogo chini ya upinde, upande wa ndani. Kisigino kilichoinuka kidogo huipunguzia kazi kano ya nyuma na ukanda wa wayo kwa pamoja.

Nyumbani, weka viatu vya ndani au makubazi yenye soli nene pembeni mwa kitanda, na mguu usiguse saruji kabla ya kuvivaa. Anayeuza dukani au anayekaanga samaki akisimama atandike chini kipande cha zulia nene au mkeka uliokunjwa mara mbili. Anayeokota korosho agawanye kazi: asimalize shamba lote kwa siku mbili kisha akalala wiki nzima, bali aokote kwa vipindi, akae kitako wakati wa kutenganisha mabibo, na gunia abebeshwe mwenye mguu mzima.

Watu wa pwani huambiwa kwamba kutembea pekupeku mchangani ni dawa. Kwa kisigino kilichokwisha kuumia, mchanga laini na mkavu unakizamisha na kuuvuta ukanda zaidi. Ukitaka kutembea ufukweni, iwe Msimbati au Mikindani, pita kwenye mchanga ulioshikamana karibu na maji, ukiwa na viatu, kwa muda mfupi.

Kuhusu swala: katika kikao cha tahiyatu mguu wa kulia husimamishwa vidole vikiwa vimekunjwa kuelekea kibla, na mkao huo huuvuta ukanda wa wayo moja kwa moja. Mgonjwa anayeumia anaruhusiwa kukaa kwa namna anayoiweza, au kuswali juu ya kiti, mpaka mguu utulie. Kabla ya kuinuka, ajikunje vidole mara kadhaa.

Hatua ya nne: nyoosha kabla ya hatua ya kwanza

Mwaka 2003 Benedict DiGiovanni na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliolinganisha kunyoosha ukanda wa wayo wenyewe na kunyoosha kano ya nyuma peke yake, na waliofanya zoezi la ukanda walipata nafuu zaidi. Zoezi lenyewe ni rahisi, na hufanywa kabla mguu haujagusa sakafu.

Keti ukingoni mwa kitanda, weka mguu unaouma juu ya goti la mwingine. Kwa mkono wa upande uleule, shika vidole vyote vya mguu pale vinapoanzia, uvivute kuelekea goko mpaka uhisi upinde wa wayo umekaza. Kwa mkono mwingine pitisha kidole gumba juu ya upinde huo: ukihisi ukanda umekuwa mgumu na umetuna chini ya ngozi, umefanya sawasawa. Shikilia sekunde 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, ya kwanza ikiwa hiyo ya alfajiri, na nyingine baada ya kila mkao mrefu, kwa mfano kabla ya kushuka kwenye basi.

Kisha nyoosha shavu la mguu. Simama ukiuelekea ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino chake kikiwa chini na goti limenyooka, uegemee mbele mpaka shavu likaze. Shikilia sekunde 30, mara tatu. Rudia tena goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu shavu la mguu lina misuli miwili na ule wa ndani hauvutwi vya kutosha goti likiwa limenyooka. Kuvuta kuwe kwa taratibu, bila kurukaruka.

Hatua ya tano: upe mguu nguvu

Kupumzika kabisa kunatuliza, lakini hakuujengi ukanda uwe imara. Watafiti wa Denmark, akiwemo Michael Rathleff, walionyesha kwamba kuinua visigino kwa uzito unaoongezeka huleta nafuu ya haraka kuliko kunyoosha peke yake. Anza zoezi hili wiki mbili hivi baada ya hatua zilizotangulia, maumivu ya asubuhi yakiwa yameanza kupungua.

Ukingo wa baraza unatosha, mradi uwe imara na uwe na nguzo au ukuta wa kushika. Kunja kitambaa au kipande cha khanga kuukuu kiwe kigumu na kinene, kiweke ukingoni, kisha simama vidole vikiwa juu ya kitambaa ili vijikunje kuelekea juu, na kisigino kikining'inia nje. Panda kwa vidole ukihesabu sekunde 3, kaa juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Ukiweza, tumia mguu mmoja. Usipoweza, anza kwa miwili. Rudia mara 12 kwa mizunguko mitatu, siku moja fanya na siku moja pumzika. Mara 12 zikiwa nyepesi, beba mkoba wenye vitabu na upunguze idadi hadi mara 10 kwa mizunguko minne, na baadaye mara 8 kwa mizunguko mitano.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Kipimo ni asubuhi inayofuata: ikiwa hatua ya kwanza inauma zaidi ya jana, punguza uzito au idadi, ikiwa inauma sawa au chini ya jana, endelea. Andika kwenye daftari namba kati ya 0 na 10 kila asubuhi, kwa maana mtu anayepona polepole husahau alikotoka na kuacha tiba katikati.

Maumivu ya kano ya nyuma hutibiwa kwa njia inayofanana. Daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, na wenzake walichapisha mwaka 1998 utaratibu wa kushusha kisigino polepole ukingoni mwa ngazi mara 15 kwa mizunguko mitatu, goti limenyooka na kisha goti limekunjwa, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Ikiwa panapouma ni pale pale kano inapojishikiza kwenye mfupa, usishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi. Fanya zoezi ukiwa umesimama chini. Na ikiwa maumivu ya kano yalianza ulipokuwa ukitumia dawa ya siprofloksasini, rudi haraka kwa aliyekuandikia, kwa kuwa dawa hiyo inajulikana kudhuru kano kwa baadhi ya watu.

Kuhusu muda wa kupona, msomaji asidanganywe. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki sita hivi, na takriban watu 8 hadi 9 kati ya kila 10 wenye tatizo la ukanda wa wayo hupona au kupata nafuu kubwa ndani ya miezi 12 bila upasuaji. Ni muda mrefu, hasa kwa mtu ambaye kipato chake kinategemea miguu yake.

Barafu, vidonge na sindano

Chupa ya plastiki ya nusu lita iliyojazwa maji na kugandishwa ni kifaa kizuri. Iviringishe chini ya wayo, soksi ikiwa mguuni, kwa dakika 10 hadi 15 jioni baada ya kazi. Haiponyi, ila inatuliza.

Parasetamoli huwafaa wengi: mtu mzima humeza vidonge 2 vya miligramu 500, akikaa angalau saa 6 kabla ya kumeza tena, na asizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu huzinunua duka la dawa muhimu kama njugu, zina madhara kwa wenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, shinikizo la damu la juu na kwa wajawazito. Zitumike kwa siku chache na kwa ushauri, si kila siku ili mtu aweze kuendelea kubeba mzigo uleule unaomuumiza.

Sindano ya steroidi kwenye kisigino hutuliza kwa wiki kadhaa, kisha maumivu huweza kurudi. Ikirudiwa mara nyingi inaweza kudhoofisha ukanda hadi ukatike na kupunguza mafuta ya kisigino, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari. Ina nafasi yake kwa aliyefuata hatua zote kwa miezi kadhaa bila mafanikio, ikichomwa na daktari anayeijua kazi hiyo.

Uzito wa mwili nao unahusika, kwa kuwa kila hatua huushushia kisigino mwili mzima. Anayepunguza hata kilo chache husaidia, lakini asingoje apungue ndipo aanze mazoezi.

Mwenye kisukari afuate njia yake

Kisukari cha miaka mingi huua hisia za nyayo, na mtu anaweza kutembea na mwiba kiatuni kutwa nzima bila kujua. Kwa hiyo mwenye kisukari asitumie barafu wala maji ya moto kwenye miguu, asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, na akung'ute viatu kabla ya kuvivaa. Kila jioni atazame nyayo zake kwa kioo, au mwanawe amtazamie, pamoja na katikati ya vidole. Lengelenge, mchubuko, sehemu iliyobadilika rangi au mguu mmoja uliovimba na kuwa na joto bila maumivu ni sababu ya kwenda kliniki kesho yake asubuhi, si wiki ijayo. Asikate magaga wala sugu kwa wembe.

Magaga, funza na watoto

Magaga yakipasuka hadi kutoa damu huuma kila hatua na huingiza vijidudu. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia, kausha, paka vaselini au krimu yenye yurea wakati ngozi bado ina unyevu, kisha vaa soksi za pamba ulale nazo. Yasipopungua kwa wiki tatu au nne, au ngozi ikiwa inawasha na kutoa magamba hadi pembeni mwa wayo, huenda ni fangasi.

Kisigino cha mtoto wa kijijini kikiwa na kijidoa cheusi kilichozungukwa na uvimbe mweupe, hao ni funza. Kuwachokoa kwa pini moja inayopita mguu hadi mguu hueneza maambukizi, na kumwagia mafuta ya taa huunguza ngozi. Mtoto apelekwe zahanati wakamtoe funza hao kwa vifaa safi, na sakafu ya vumbi anayolala ifagiliwe na kunyunyiziwa maji.

Mtoto wa umri wa miaka 8 hadi 14 anayecheza mpira na kulalamika kisigino, bila jeraha wala homa, mara nyingi anaumwa pale mfupa wake unapokua. Apunguze kukimbia, awekewe pedi laini kiatuni, anyooshe mashavu ya miguu. Huisha anapomaliza kukua.

Ukienda hospitali

Baada ya wiki 6 hadi 12 za kufuata hatua hizi bila nafuu, nenda ukaonane na daktari, na uulize kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia. Mkoani Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na kwa walio upande wa Masasi kuna Ndanda. Mkoani Lindi kuna Hospitali ya Sokoine, na Nyangao kwa wanaoishi karibu na Mtama. Vaa viatu unavyovaa kazini, si vile vya Ijumaa au Jumapili, maana daktari anahitaji kuona vilivyolika. Beba daftari la namba za kila asubuhi. Mwonyeshe kwa kidole kimoja mahali panapouma, mweleze saa panapouma zaidi, kazi unayofanya, dawa zote ulizokwisha kumeza, na kama umewahi kupima sukari. Kama hujawahi, omba ipimwe siku hiyo.